Sura ya Saba: Maiti wa Thelathini na Moja

Maiti thelathini walikwisha kufukuliwa, wote wakiwa na nguo zao za askari, na Sajini Jeilani wa polisi ya Amu alikuwa ameandika majina thelathini kwenye karatasi yake. Kazi hii hakuiomba. Amezaliwa Amu, amesoma chuo cha Kurani Amu, na tangu utoto ameambiwa kwamba kaburi likishafukiwa halifunguliwi. Lakini bahari ilikuwa imeila Ras Mtangani, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Kiwayu, hata mifupa ikaanza kuchungulia. Kadhi akatoa ruhusa wahamishwe juu kidogo, na serikali ikaleta jiwe lake kutoka Mombasa ili wazikwe upya chini yake. Wa kuwahesabu lazima awe polisi. Polisi wa Amu aliyejua kusoma herufi za Kizungu na asiyeogopa maiti alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja aliogopa sana, ila hakuwa amemwambia mtu.

Jiwe lenyewe lilikuwa limesimamishwa tayari, refu kumzidi mtu, juu ya tuta la mchanga. Limechongwa majina thelathini na moja ya Kombania ya Visiwa, askari wa miguu, waliokufa pamoja mahali hapa alfajiri moja ya mwaka jana, 1914. Walikuwa wakilinda kisima. Manowari ya Wajarumani ilitokea kusikotarajiwa, ikaelekeza mizinga yake barabara kwenye mahandaki yao kana kwamba imeonyeshwa kwa kidole, na kabla jua halijapanda kombania ilikuwa imekwisha. Watu wa kijiji waliwazika siku mbili baadaye. Jina la juu kabisa lilikuwa la Afande Alwi, mkuu wao.

Kombania ilikuwa na watu thelathini na wawili. Wa thelathini na mbili alikuwa hai, na kwa serikali hilo ndilo kosa lake. Abdulhalim alikamatwa Siyu mwezi uliopita, na sasa amefungwa minyororo ngomeni Amu, akisubiri meli. Yeye anasema Afande Alwi alimtuma Faza baada ya sala ya Isha na barua ya kuomba msaada, mtumbwi ukapinduka, barua ikapotea, na aliposikia mizinga aliogopa kurudi. Serikali, kwa karatasi ya ushahidi wa Haji Mselem, mkubwa wa kijiji, inasema alitoroka, akawasha moto juu ya tuta kuwaonyesha maadui shabaha. Wa kumwokoa kwa neno moja alikuwa Afande Alwi, na Alwi jina lake liko juu ya jiwe.

Meli ilikuwa imetia nanga nje ya mwamba. Saa tisa alasiri ingeondoka, ipite Amu kumpakia Abdulhalim, na kutoka Amu ni moja kwa moja mpaka kwenye kitanzi.

"Mwanangu hayumo katika hilo?" aliuliza Bi Mwanamkisi.

Mama yake Abdulhalim alikuwa ameketi mchangani kando ya jiwe tangu asubuhi, buibui limejaa chumvi. Alipanda chombo cha polisi pale Amu bila kualikwa, na Jeilani hakupata moyo wa kumteremsha.

"Hayumo, Bi. Hili ni la waliokufa."

"Nayua. Lau yumo, ningelia mara moya nikanyamaa. Sasa nalia kulla siku, na mwenye yu hai."

Jeilani alijifanya kuhesabu tena karatasi yake.

"Sajini!" mchimbaji mmoja aliita kutoka shimo la mwisho, lile la upande wa kisima. Alikuwa ameacha jembe na kurudi nyuma hatua mbili. "Huyu ana sanda."

"Ana nini?"

"Sanda. Shuka uangalie mwenye."

Jeilani akashuka shimoni, akapiga magoti. Mchanga mkavu wa tuta ulikuwa umeihifadhi nguo kuliko ulivyomhifadhi aliyekuwa ndani yake. Alifunua taratibu, akihesabu. Mikunjo mitatu, kama inavyotakiwa. Pamba puani na masikioni. Harufu ya kafuri bado ilikuwepo, kidogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. Amelazwa ubavu wa kulia, uso kibla, shavu limewekwa juu ya mchanga kwa uangalifu. Nguo za askari hakuna, wala kile kibati cha shingoni chenye namba.

Mkono wa kushoto ulikosa vidole viwili.

"Alwi," mchimbaji alinong'ona. "Vidole vilikatwa na kamba ya nanga, kabla hajaingia jeshini. Watu wote hapa wayua."

Jeilani akapitisha mkono nyuma ya fuvu. Pale kisogoni palikuwa na ufa mmoja, umebonyea, upana wa vidole vitatu. Mwili uliobaki ulikuwa mzima: mbavu zote, miguu yote, mikono yote. Wale thelathini aliowaona asubuhi hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa mzima.

Alikaa shimoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Safari hii haikuwa hofu ya maiti. Kisha akatoa kisu, akakata kipande cha sanda pembeni, penye nyuzi zilizoachwa zikining'inia bila kupindwa, akakitia mfukoni.

*

Kapteni wa Kizungu alikuwa chini ya turubai, anakunywa chai. Alikuwa ameijua Kombania ya Visiwa, aliifundisha kwata mwenyewe, na Jeilani alikuwa amemwona asubuhi akiyapitishia kidole majina ya jiweni moja moja. Hakuwa mtu mbaya. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kibaya.

"Nini hii? Shuka?"

"Sanda, Bwana Kapteni. Afande Alwi amezikwa na sanda."

"Nyinyi Islamu kila mtu nazikwa na sanda."

"Wale thelathini hawana."

"Alwi ilikuwa mukubwa yao. Watu ya kijiji iko na shuka moja, inapa mukubwa. Heshima."

Kwa mtu asiyejua, hayo yalikuwa maneno ya akili, na Jeilani alikasirika kwa sababu hiyo hiyo.

"Bwana, askari akifa vitani kwetu huitwa shahidi. Shahidi haoshwi wala havishwi sanda. Huzikwa na nguo zake na damu yake, maana hiyo damu ndiyo heshima yake. Aliyemvua Alwi nguo na kumwosha alijua kwamba Alwi hakufa vitani. Alikufa kabla ya mizinga. Mtu alimpiga kisogoni."

Kapteni aliweka kikombe chini. Alifikiri, na Jeilani akaona anafikiri kweli.

"Basi Abdulhalim ndio ilipiga. Iliua Alwi, iliwasha moto, ilikimbia."

"Na nani alirudi siku mbili baadaye kumwosha? Abdulhalim alikuwa mafichoni Siyu. Aliyeosha ni mtu wa hapa."

"Wewe nataka mimi iandike kwa jenerali, mutu isinyongwe kwa sababu ya shuka?" Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa uchovu. "Jenerali itacheka. Iko karatasi ya ushahidi ya Haji Mselem. Iko sahihi. Wewe lete mutu, iseme kwa mudomo yake mbele ya mimi. Saa tisa mimi iko ndani ya meli."

Jeilani akapiga saluti. Saa ya Kapteni, iliyowekwa juu ya meza kando ya sukari, ilionyesha saa sita kasorobo.

*

Kutoka rasini hadi kijijini ni mwendo wa saa nzima kwenye mchanga, na Jeilani aliutembea kwa hasira. Nyuma yake alisikia viatu vya Bi Mwanamkisi vikikokotwa. Hakumwambia arudi.

Alianza kwa Maalim Muhdhar, mwalimu wa dini wa kijiji, kwa sababu mikunjo mitatu, pamba na kafuri ni kazi ya mtu anayejua kazi. Maalim alikuwa na miaka hamsini na kitu, tumbo lilimsumbua, na asubuhi hiyo alikataa kabisa kwenda kuyaona makaburi yakifunguliwa, hata kwa ruhusa ya kadhi. Alimpokea Jeilani barazani bila kumkaribisha ndani.

"Mumalize kufukua, ndipo muye mutuulize?"

"Nataka kujua siku mliyowazika, Maalim. Nani aliamua waoshwe au wasioshwe?"

"Mimi. Niliwaambia hawa ni mashahidi. Waliuawa na makafiri, wakichunga kisima cha Waislamu. Hakuna kuosha, hakuna kusalia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoya."

"Alwi ameoshwa."

Maalim alikuwa akijikuna kiwiko. Akaacha.

"Usinene uwongo juu ya maiti, Sajini."

Jeilani akatoa kile kipande cha nguo, akakiweka juu ya baraza baina yao. Maalim hakukigusa, lakini alikitazama, na macho yake yaliganda penye zile nyuzi za pembeni.

"Bafta ya dukani haina nyuzi hizi," Jeilani alisema. "Wala kitambaa cha marekani. Mimi nilimzika babangu miaka mitatu iliyopita na nguo kama hii. Ilikuwa ihramu yake. Aliivaa akihiji, akaiosha kwa maji ya Zamzam, akarudi nayo kuwa sanda yake. Wewe umehiji, Maalim."

"Alhamdulillahi."

"Nionyeshe sanda yako."

Maalim Muhdhar akasimama. Uso ulimwiva. "Mimi? Waniyia mimi, mbele ya nyumba yangu, wataka sanda yangu niitoe kama mwizi atoavyo kuku?"

"Meli inaondoka saa tisa. Yuko mtu atanyongwa. Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini nitukane huku unafungua kasha."

Kwa kitambo ilionekana kana kwamba Maalim angemsukuma kutoka barazani. Kisha akaingia ndani, na Jeilani akasikia kasha likifunguliwa kwa kishindo. Alirudi ameibeba mikononi: nguo mbili nyeupe nzito, zimekunjwa, zinanukia udi, na pembeni nyuzi zikining'inia vile vile. Zilikuwa kamili. Jeilani alizihesabu, akaona aibu, lakini akazihesabu.

"Nisamehe, Maalim."

"Sikusamehe."

"Wangapi hapa Kiwayu wamehiji?"

Maalim alianza kuikunja ile nguo upya, ingawa haikuwa imekunjuka. Alikunja polepole, pembe kwa pembe.

"Wawili," alisema mwisho.

"Wa pili ni Haji Mselem."

"Siku ile ya kuzika tuligawana. Mselem alitangulia, alfajiri, peke yake. Tulipofika kule meshafukia mmoya, upande wa kisima. Nilimwambia, Haji, umefanya haraka. Akanambia, huyu alikuwa ameanza kuharibika." Maalim akaacha kukunja. "Haji mwenye alikuwa na mai kichwani na kanzuni, ameroa. Nikadhani ni jasho. Sajini, usinitie mimi katika hili. Ni mume wa dada yangu, na wanawe walipotea na jahazi, hata matanga hakuweka."

*

Jeilani hakwenda moja kwa moja. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, akatoa karatasi ya ushahidi, akaisoma tena. Alikuwa ameisoma mara kumi. Karatasi hiyo ndiyo iliyofunga kamba shingoni mwa Abdulhalim, na kila aliyeisoma aliona neno lile lile: moto.

Sasa aliisoma kama mtu anayeulizia bei, neno baada ya neno. *Nilimwona Abdulhalim akiondoka kambini baada ya Isha, amechukua bunduki yake. Kabla ya alfajiri kulikuwa na moto mkubwa juu ya tuta. Kisha mizinga ikaanza.* Basi. Hakuna mahali ambapo Haji Mselem alisema Abdulhalim ndiye aliyeuwasha. Waliouliza hawakumuuliza, kwa kuwa walidhani ameshasema.

Kama asingeosha maiti angeponea. Kama angedanganya waziwazi pia angeponea. Jeilani alimfikiria mtu wa namna hiyo. Ni mtu anayemwogopa Mungu kuliko serikali, hatishwi kwa jela. Itabidi akamatwe kwa kitu kingine.

"Ni yeye?" Bi Mwanamkisi aliuliza. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema.

"Kaa hapa, Bi."

"Nimekaa mwaka mzima."

*

Haji Mselem alikuwa mkubwa wa kijiji, na nyumba yake ilikuwa karibu na kisima cha msikiti. Alikuwa mtu mpole, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, sauti ya chini. Alimmiminia Jeilani kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mumemaliza kule?"

"Tumemaliza. Thelathini na mmoja. Haji, nimekuja kwa jambo dogo. Nataka kuiona sanda yako."

Birika lilibaki hewani. Kisha Mselem akalirudisha juu ya jiko, akalisawazisha lisianguke.

"Sina."

"Ulirudi nayo kutoka Makka. Watu waliiona ikianikwa."

"Nilimpa mtu."

"Mtu gani anapewa sanda ya mwenzake ya Zamzam?"

"Maskini."

"Alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto, huyo maskini?"

Nje mtu alikuwa anateka maji. Kamba ililia juu ya ukingo wa kisima, ikanyamaza. Jeilani hakuwa na nafasi ya kusubiri, lakini alisubiri.

"Wanao wawili walipotea na jahazi yako," alisema. "Siku tatu kabla ya mizinga. Mwaka umepita. Kijiji kizima kinasema wamezama, na wewe hukuweka matanga. Nimejiuliza sana, mzazi gani haweki matanga? Ni yule anayejua kwamba hawakuzama."

Mselem alikuwa anatazama mkeka.

"Manowari iliwatukua," alisema. "Iliwakamata baharini na jahazi. Wakaniletea nguo ya mdogo, wakanambia: palipo na askari, washa moto, tutakurudishia wanao. Usipowasha, tutawatundika mlingotini." Sauti haikupanda. "Nilipanda tutani na kuni. Alwi akaniona. Alikuwa peke yake, akizunguka kuangalia walinzi. Akanambia, Haji, wafanya nini hapa saa hizi? Akaona kuni, akaona shoka. Akafahamu. Akageuka kuita wenziwe, na mimi nikampiga na mgongo wa shoka. Mara moya tu. Sikuyua kama mtu hufa upesi vile."

"Kisha ukawasha moto."

"Kisha nikawasha."

"Na wanao?"

"Manowari iliondoka nao."

Jeilani alikuwa amejitayarisha kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

"Ungaliweza kumtia handakini pamoja na wenziwe," alisema. "Na nguo zake. Hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kiama."

"Mimi ningaliyua." Mselem aliinua uso, na kwa mara ya kwanza palikuwa na ukali ndani yake, ukali wa mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Wale waliuawa na adui, ni mashahidi. Yeye aliuawa na jirani yake. Haki yake ni mai, na sanda, na sala. Bafta dukani haikuwako, zita za Wajarumani zimezuia kulla kitu. Nilikuwa na yangu. Nimemuua mtu, Sajini. Na haki yake ya mwisho nayo niile?"

"Na ya Abdulhalim?"

"Sikunena uwongo juu yake."

"Hukusema. Nimesoma neno kwa neno. Ulisema aliondoka, na kweli aliondoka. Ulisema palikuwa na moto, na kweli ulikuwapo. Umejichunga sana, Haji, ulimi wako msafi." Jeilani aliisikia sauti yake ikipanda, akaiacha ipande. "Basi nisikilize. Wewe hujapata kuona mtu aliyenyongwa na serikali. Mimi nimeona. Hawamrudishi kwa watu wake. Wanamfukia uani, na nguo za kifungo, usiulize kibla. Maji hakuna. Sanda hakuna. Wa kumsalia hakuna. Alwi ulimwosha. Huyu wa pili unayemuua nani atamwosha?"

Mkono wa Mselem ulikuwa ukishika kingo za mkeka na kuziachia, ukishika na kuziachia.

Mlangoni pakatiwa kivuli. Bi Mwanamkisi alikuwa amesimama, hakupiga hodi. Amesikia kiasi gani, Jeilani hakujua. Uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote.

"Mimi ndimi mamake," alimwambia Mselem. "Nimekuya kwa miguu."

Hakuongeza neno. Haji Mselem alimtazama mpaka akashindwa kumtazama, kisha akauinamisha uso wake na kulia, si kwa sauti, mabega tu.

Kutoka baharini honi ya meli ikalia. Mlio mmoja mrefu. Jeilani aliutambua: Kapteni anaitwa, mashua inaandaliwa. Saa nane imepita, na mbele yao ilikuwa saa nzima ya kukanyaga mchanga.

"Twende, Haji. Sasa hivi. Utasema mbele ya Mzungu haya haya uliyoniambia."

"Nitanena." Mselem alipangusa uso kwa kiganja. Alisimama, akaonekana mrefu kuliko alivyokuwa ameketi. "Nitanena yote. Lakini nipe nafasi nioge."

"Hakuna nafasi ya kuoga!"

"Wewe mwenye umenambia. Huko niendako hakuna wa kuniosha. Nijioshe mimi nikiwa na mikono yangu."

Jeilani alitaka kumkamata mkono na kumburuta. Alikuwa na nguvu za kufanya hivyo, na sheria ilikuwa upande wake. Lakini mtu wa kuburutwa hasemi kitu mbele ya Mzungu, na zaidi ya hayo, yeye mwenyewe hakuweza. Alizaliwa Amu. Alijua mtu huyu anaomba nini.

Mselem akavuka ua, akaingia nyuma ya ukuta mfupi wa kisima pale watu wanapotawadhia. Akavua kanzu, akaitundika. Aliitupa ndoo kisimani, kamba ikamponyoka, akaikamata, ikamponyoka tena. Honi ikalia mara ya pili. Jeilani alisimama ametoa macho kuelekea rasini, akihesabu hatua ambazo bado hajazitembea, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini aliona kwamba anaweza kupata ukweli wote na bado achelewe.

Bi Mwanamkisi akampita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kisimani, akageuzia uso upande wa pili ili asimtazame mwanamume aliye nusu uchi, akaishika kamba. Alivuta kwa nguvu ambazo Jeilani hakujua anazo, akaweka ndoo iliyojaa juu ya ukuta, karibu na mkono wa yule mtu.

"Oga, baba," alisema, machozi yakimwingia mdomoni. "Oga upesi."

Akaishusha kamba kuteka nyingine.